Resipe 214, mizani mpya, na keki bado inadidimia

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kwa miaka tisa nimekuwa nikikusanya resipe: nilizokata magazetini, picha za skrini kwenye simu, na kadi 23 alizoandika marehemu mama kwa mkono wake. Nilipohesabu zilifika 214. Nikajiwekea lengo la kuzipika zote ndani ya mwaka mmoja, iwe ndiyo burudani yangu ya mwisho wa wiki. Nimeshapika 31, na 11 kati ya hizo zimeharibika kabisa. Keki ya limau imedidimia katikati mara mbili. Niliioka dakika 35 kama ilivyoandikwa, kwenye chombo cha mviringo cha sentimita 20, kwa sababu resipe haikutaja ukubwa. Nikadhani tatizo ni vipimo: nikanunua mizani, nikapakua programu ya kubadili vikombe kuwa gramu, nikageuza resipe zote 214. Sasa hali imekuwa mbaya zaidi, na hata za mama hazitoki kama nilivyozoea kula. Je, kuna programu iliyo sahihi zaidi? Au mkono wangu ndio mzito?

JIBU: Marahaba. Mkono wako hauna kosa, na mizani uliyonunua ni pesa iliyokwenda mahali pake. Programu ifute leo.

Swali hili hunifikia karibu kila wiki, likibadili nguo tu. Leo ni keki, juzi ulikuwa mkate, kabla ya hapo kulikuwa na kijana aliyeoka biskuti mpaka zikawa vigae. Wote huishia pale pale: Mwalimu, nipe kipimo sahihi zaidi. Hakuna hata mmoja anayeniuliza kama aliyeandika resipe ile amewahi kuipika.

Nianze na hiyo programu ili tuimalize. Kikombe ni ujazo, gramu ni uzito, na katikati yake yupo mtu aliyeshika kikombe. Ukikizamisha kwenye mfuko wa unga wa ngano, ukachota na kusawazisha kwa kisu, unapata karibu gramu 150. Ukiutia unga humo kwa kijiko, taratibu, bila kuushindilia, unapata kama 120. Programu haikuwepo jikoni siku hiyo. Inachagua namba moja, tuseme 125, na kukupa bila kupepesa macho. Kwenye vikombe vitatu tofauti ya mchotaji na mchotaji inafika gramu 90, na hiyo inatosha kugeuza keki kuwa uji au tofali. Hapo bado hatujauliza ni kikombe cha nani: cha Marekani ni takriban mililita 240, cha Australia 250, cha Japani 200. Hata kijiko cha chakula, ambacho kwingi ni mililita 15, Australia ni 20. Chumvi ndiyo usiseme. Kijiko cha chai cha chumvi laini ya mezani kina kama gramu 6, na cha chumvi ya chenga nyepesi kinaweza kuwa nusu yake. Resipe ikisema "chumvi kijiko 1" bila kutaja ni ipi, gramu utakazopewa na programu ni ramli.

Sasa keki yako. Umeniandikia kitu ambacho wengi hukiruka, ukubwa wa chombo, na jibu limo humo humo. Chombo cha mviringo cha sentimita 20 kina eneo la sentimita za mraba 314 chini yake. Cha sentimita 25, ambacho huenda ndicho alichotumia mwandishi, kina 491. Watu huona tano tu zimeongezeka, kumbe ni zaidi ya nusu nzima. Rojo linaloenea vizuri kwenye cha 25 na kuiva kwa dakika 35, ukilimimina kwenye cha 20 linasimama kina kirefu mara moja na nusu. Kingo zinaiva na kupanda, juu panapata rangi nzuri ya kukudanganya, katikati bado ni majimaji yaliyoshikiliwa na mapovu. Unaitoa, mapovu yanapoa, dari inashuka. Mizani ingekusaidia nini hapo? Kilichotakiwa ni kijiti: kichomeke katikati, na kikitoka na rojo mbichi irudishe ndani, saa iseme inachosema. (Angalia pia kama imeandikwa bekingi soda au bekingi pauda. Soda ina nguvu mara tatu hadi nne ya pauda, na mwandishi mzembe huzichanganya. Keki iliyojazwa gesi kupita kiasi nayo huanguka vivyo hivyo.)

Kinachonikera mimi ni imani kwamba resipe ni sheria, na kwamba ikishindikana basi mhalifu ni mpishi. Imani hiyo ndiyo iliyokutuma dukani kununua usahihi. Kosa ukiligeuza kuwa gramu linabaki kosa, ila sasa lina desimali.

Na hii ya kupika mkusanyiko mzima kwa mwaka najua inakotoka. Mwaka 2002 Julie Powell wa New York alijipa siku 365 kupika resipe 524 za kitabu kimoja, na tangu hapo kila mwenye rundo la karatasi anataka namba yake. Sawa, ni burudani nzuri. Lakini resipe zake zote zilitoka ndani ya kitabu kimoja ambacho waandishi wake walikaa miaka wakijaribu na kurudia, kwa vipimo vya aina moja na lugha moja. Zako zimetoka kwa watu wengi usiowajua, wengine wakipima kwa kikombe, wengine kwa konzi, na wengine, niamini, hawajapima kabisa.

Kuna jaribio huwafanyia wanafunzi wapya. Nawapa resipe inayosema "kaanga kitunguu kwa dakika 5 mpaka kiwe cha kahawia na kitamu", nawasha jiko, naweka saa mezani. Dakika ya tano kitunguu kimelainika, kimeanza kuangaza, na kikaango kinafuka mvuke. Dakika ya kumi na tano kimesinyaa na kupata manjano hafifu pembeni. Hapo pana mmoja asiyekosekana, huongeza moto akidhani hatumwoni. Chini panaungua, juu pangali pabichi. Kahawia lile lenye utamu huja kwenye dakika ya 40 hivi, kwa moto wa chini, mwiko ukipita kila baada ya muda. Kitunguu ni maji karibu sehemu tisa kwa kumi, na maji yakiwepo joto halivuki nyuzi 100 za Selsiasi, ilhali kubadilika rangi kwa namna ile kunataka kama 140. Lazima maji yaondoke kwanza, na hayaondoki kwa kuamrishwa. Aliyeandika dakika 5 hakukaa pale na saa. Alitaka resipe ionekane fupi.

Kwa hiyo lengo lako la mwaka mmoja liweke kando kwa wiki mbili. Keti mezani na karatasi zako na penseli, bila moto, uzisome. Resipe iliyopikwa na mtu utaijua: inataja chombo na ukubwa wake, inakwambia nini kitaonekana au kunukia na haikuachii dakika peke yake, na kila kilichomo kwenye orodha kinaingia sufuriani mahali fulani. Ukikuta mayai 3 juu na huko chini yanavunjwa 2, huyo wa tatu kaenda wapi? Ukikuta "oka kwa nyuzi 350" bila kipimo, jua ni Farenhaiti, yaani kama 177 za Selsiasi. Na kama oveni yako ina feni, punguza kama nyuzi 20 za Selsiasi. Ukikuta idadi ya walaji imezidishwa mara mbili na dakika nazo zimezidishwa mara mbili, itupe. Nyama haijui imeletwa kwa wageni wangapi, inajua unene wake. Zikibaki 80 kati ya 214 usisikitike. Kisha kila moja ipike mara mbili, mara ya kwanza kama ilivyo, mara ya pili na penseli mkononi. Ulivyopanga wewe, resipe nne kila wiki na kuzipa mgongo, ni kuhesabu sahani tu.

Na sasa niseme la watu wa njia za mkato, maana hawa wananiharibia usingizi. Zipo video za sekunde 40 ambazo anayepika hajaonja alichopika. Kamera ikizimwa sahani inaenda kwenye ndoo. Zipo resipe zinazotungwa na kompyuta bila mtu kuwasha jiko, zenye picha ya kupendeza na orodha isiyowezekana. Keki ikididimia kwa sababu yao, umepoteza mayai na siku yako. Lakini hao hao wanaokwambia dakika 5 za kitunguu ndio wanaokwambia mengine ambayo hasara yake si ya mayai.

Maharage mekundu, yale makubwa, ni mfano. Yakiwa mabichi yana sumu inayotapisha na kuharisha, na dawa yake ni kuyaloweka kwa angalau saa tano, kumwaga maji yale, kisha kuyachemsha kwa mchemko wa kweli, wa kuruka, angalau dakika 10. Watu wanauza resipe ya kuyatupa makavu kwenye sufuria ya umeme ya moto mdogo asubuhi na kuyakuta jioni. Sufuria hiyo inaweza isifike mchemko kabisa, na joto la nusunusu linaweza kuizidisha sumu kuliko ilivyokuwa kwenye punje mbichi. Yatalainika, ndiyo, na ndiyo yatakavyokudanganya. Yachemshe kwanza kwenye sufuria ya kawaida, kisha yapeleke unakotaka.

Kingine ni kitunguu saumu kwenye chupa ya mafuta, kinachopendeza rafuni, "hudumu miezi". Kitunguu saumu hutoka udongoni na kinaweza kuja na mbegu za bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa sumu unaopoozesha mwili. Bakteria huyu hapendi hewa wala uchachu. Ukimzamisha kwenye mafuta umemjengea nyumba. Sumu yake haina harufu wala ladha ya kukuonya. Mwaka 1985 mjini Vancouver, Kanada, watu 36 waliugua botulizimu kutokana na kitunguu saumu kilichosagwa kwenye mafuta, kilichokuwa kikiwekwa nje ya friji mgahawani. Wengi wao walipewa kwanza majina ya magonjwa mengine kabla ya mtu kuunganisha mambo. Ukipenda mafuta hayo tengeneza kidogo, yaweke kwenye friji, yaishe ndani ya siku 4. Na ukiyakuta kwenye mkusanyiko wako na neno "rafuni", chana karatasi hiyo, hata kama ina picha nzuri.

Mtu akinijibu kwamba bibi yake alifanya hivyo miaka yote na hakufa, humuuliza alifanya nini hasa. Mara nyingi bibi alikaanga, akatumia siku ile ile, na chupa ya rafuni imeongezwa baadaye na mjukuu.

Nimebakiza kadi za mama. Hizo usizichanganye na rundo lile. Hizo zilipikwa, tena miaka, na ulizila mwenyewe. Kilichoziharibu ni kuzigeuza kwa kikombe cha mililita 240 ambacho mama yako hakuwa nacho. Aliposema "kikombe 1" alimaanisha kikombe chake. Kama bado kipo nyumbani, hata kama kimevunjika mkono, kitafute. Kiweke juu ya ile mizani yako mpya, irudishe sifuri, jaza maji mpaka alipokuwa akiishia yeye: kama hakufika ukingoni nawe usifike. Gramu utakazosoma ndizo mililita zake, na zinaweza kuwa 180 tu. Kisha kizamishe kwenye unga kama ulivyomwona akifanya, upime mara tatu, uandike wastani pembeni ya kadi kwa penseli. Fanya hivyo hivyo kwa kijiko chake. Kama kikombe hakipo, mtafute aliyekuwa akimsaidia jikoni, dada au shangazi, umpe bakuli na unga, umwambie achote "kikombe" kwa macho. Mikono inakumbuka kuliko unavyodhani.

Uanze na kadi yenye madoa mengi ya mafuta kuliko zote. Kama doa limeangukia namba, inyanyue kadi kwenye mwanga wa dirisha uisome kwa nyuma kabla hujakisia.