Re: Dogo kadondoka na boda, nimpeleke hosp au nisubiri?

Dada pole sana. Umesema dogo kadondoka na boda jana jioni pale Gungu, akazimia kidogo, leo anasema yuko freshi ila kichwa kinauma na katapika mara mbili. Usisubiri, mpeleke hospitali ya Maweni sasa hivi, kuzimia tu kulitosha na kutapika mara kwa mara ndo kabisaa.

Mi mwenyewe mdogo wangu alianguka barabara ya Ujiji, hana hata mchubuko, tukasema kapona, sasa akawa anauliza "simu yangu iko wapi" na simu kaishika mkononi, unamjibu, baada ya dakika anauliza tena. Hapo ndo nikashtuka tukaondoka usiku ule ule. Nje hakuna kidonda ila damu inaweza kuwa inavuja ndani polepole, masaa yanapita mtu anaongea vizuri tu.

Mwangalie macho, mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, au maji meupe yanatoka puani au sikioni, degedege, mkono au mguu kulegea, ulimi mzito, kichwa kinazidi kuuma, usingizi mzito hata ukimtikisa haamki vizuri, hiyo ni ya kukimbia, hata saa nane usiku.

Na dawa za maumivu kama diklopa au asprini msimpe jamani, zinaweza kuongeza kuvuja damu. Pombe pia hapana. Na asiende mwenyewe kwa boda, tafuta bajaji au taksi ukae naye. Ukifika watajie madaktari hiyo ya kuzimia mapema, usiache.