Fonti ya Kale Inapoonekana ya Bandia

SWALI: Ndugu Mhariri, ninatayarisha bango na fulana za tamasha la muziki wa dansi, na nimechagua fonti nene yenye mikwaruzo, iliyokusudiwa kufanana na chapa za zamani. Wenzangu wanasema maandishi yanaonekana ya bandia, na mchapaji wa fulana amelikataa faili langu. Tatizo liko wapi? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Ndugu msomaji, wenzako wameona sawasawa. Sura unayoitafuta ilitokana na herufi za mbao, ambazo Darius Wells wa New York alianza kuzitengeneza kwa wingi mwaka 1827, kwa kuwa herufi kubwa za risasi zilikuwa nzito, ghali na ngumu kusubu bila kasoro. Kadiri zilivyotumika, herufi hizo zilikwaruzika, zikamegeka pembeni na kulika usoni, hata wino ukawa hauzishiki kwa usawa. Neno lilipokuwa na A tatu, mchapaji alipanga vipande vitatu vya mbao, kila kimoja na makovu yake.

Fonti ya kawaida ya kompyuta ina A kubwa moja tu, na kovu lake hujirudia kila inapotokea. Kiswahili, kwa wingi wake wa irabu, huianika hila hiyo upesi: andika TAMASHA, na mkwaruzo uleule utaonekana mara tatu katika neno moja. Tafuta basi fonti yenye maumbo kadhaa ya kila herufi, kisha uwashe katika programu yako kipengele cha kuyapokezanisha. Mimi hupendelea njia nyingine, yaani kuandika kwa fonti nene iliyo safi na kutandaza juu ya maneno yote picha ya wino uliochapwa kwa uhafifu, ili uchakavu upite kutoka herufi moja hadi nyingine bila kujirudia.

Mchapaji wako naye ana haki. Katika uchapaji wa skrini, yaani kusukuma wino kupitia wavu hadi kwenye kitambaa, vitundu vidogo huzibwa na wino, na vidoa vidogo mno havishiki kwenye wavu. Ikiwa anakata vinaili, yaani utando wa plastiki unaobandikwa kwenye fulana, kisu hulazimika kuzunguka kila mkwaruzo, kisha mtu abandue mabaki kimoja kimoja kwa mkono, kazi ambayo hakuna bei ya fulana inayoilipa. Muulize mstari mwembamba kuliko yote ambao vifaa vyake vinaumudu, na ufute kila kilicho chini ya kipimo hicho. Tarehe, mahali na kiingilio uviandike kwa fonti rahisi kusomeka, kwa sababu mikwaruzo katika maandishi madogo hugeuka uchafu tu.

Soma pia leseni: fonti nyingi za bure huruhusiwa kwa matumizi binafsi pekee, na tamasha lenye kiingilio ni biashara.