Samaki wa asali na ukwaju kwa jioni za vuli

Mvua za vuli zikianza huku Pemba, siku inakuwa fupi kuliko kazi zake. Natoka kazini saa tisa na nusu, nikifika nyumbani Chake Chake nakuta karafuu zimeanikwa kwenye majamvi na wingu limeshatanda. Hapo hata buibui sivui. Wakubwa kwa wadogo tunakimbilia kuanua, kwa sababu karafuu ikirowa kabla haijakauka inaharibika rangi, na bei yake inaanguka. Tukimaliza, adhana ya magharibi inaadhiniwa, mikono inanuka karafuu mpaka kwenye kucha, na watoto wameanza kuuliza: mama, leo tunakula nini?

Kwa jioni kama hizo napika samaki wa kuoka wa asali na ukwaju. Tangu kuwasha jiko mpaka kuweka sinia chini ni dakika 40 hivi, ilimradi samaki awe ameshapaliwa magamba na kutumbuliwa. Sikai nikikaanga kipande kimoja kimoja huku mafuta yananirukia, wala sikuni nazi. Nataka nikwambie ninavyofanya, na hasa pale nilipokosea, maana chakula hiki kina kosa moja ambalo karibu kila mtu hulifanya mara ya kwanza.

Kosa lenyewe ni kutia utamu mapema. Mimi nilimchukua samaki aina ya changu, mzima, nikampaka asali ndani na nje, nikamwingiza kwenye oveni yenye moto mkali. Hazikupita dakika 10, jikoni kukajaa moshi. Nilipomtoa, ngozi ilikuwa nyeusi na chungu, na nilipofungua pembeni mwa mwiba wa kati nyama ilikuwa bado ina damu. Mavyaa yangu alikuwa amekaa barazani. Aliinuka, akaangalia sinia, akaniambia kwa upole: "Mwanangu, samaki na asali wapi na wapi?" Usiku ule tulikula wali kwa maharage yaliyobaki mchana.

Nilikaa nikatafuta sababu. Asali ni sukari tupu na maji kidogo, na sukari iliyo nyingi zaidi ndani yake, ile ya matunda, huanza kugeuka rangi joto likifika nyuzi 110 hivi. Oveni yako iko kwenye nyuzi 200. Nyama ya samaki haitaki joto kubwa kiasi hicho, nyuzi 60 na kitu zinamtosha, lakini joto lina safari ndefu kutoka kwenye ngozi mpaka mfupani. Kwa hiyo asali inaungua wakati mfupa haujapata habari. Dawa yake ni moja: mwache samaki aive peke yake kwanza, kwa chumvi na viungo, kisha asali ije dakika 7 au 8 za mwisho. Tangu nilipoanza kufanya hivyo sijaunguza tena.

Sasa samaki mwenyewe. Kipindi cha vuli kinatupendelea. Kusi limeshakatika, kaskazi bado halijashika, bahari imelala na wavuvi wanatoka kwa wingi. Mnadani Tumbe au soko la Chake unapata uhuru wa kuchagua, tofauti na ile miezi ya kusi kali ambapo unachukua ulichokikuta. Kwa chakula hiki mimi napenda changu wa nusu kilo mzima, au kolekole wa vipande vinene. Nguru pia anafaa, ila nyama yake hukauka upesi, basi mpunguzie dakika. Vibua ni wazuri sana na bei yao ni ya chini. Mafuta yao yanakwenda vizuri na ukwaju. Tasi simtumii hapa. Ana harufu yake ya mwani ambayo naipenda kwenye mchuzi, lakini na asali hawapatani.

Usione haya kumwambia muuzaji: "Kaka, hebu nifungulie shavu nione." Matamvua yawe mekundu ya kung'aa, jicho lijae na liwe angavu, ukibonyeza nyama kwa kidole irudi. Na uangalie samaki amewekwa wapi. Hili nalisema kwa uchungu. Mwaka mmoja nilinunua kipande cha jodari saa tisa alasiri, kwenye meza iliyopigwa jua tangu asubuhi, bila barafu. Rangi yake ilikuwa nzuri, harufu haikuwa mbaya. Nilimpika akaiva vizuri. Saa moja baadaye mwanangu wa pili uso ulikuwa mwekundu, midomo inamuwasha, kichwa kinamgonga, moyo unamwenda mbio. Tulimkimbiza hospitali, alhamdulillahi alipata nafuu usiku uleule. Daktari alitueleza kwamba jodari, vibua, nguru na jamaa zao wakikaa kwenye joto, vijidudu hutengeneza ndani ya nyama kitu kinachoitwa histamini, na kikishaingia hakitoki kwa kuoka, kukaanga wala kuchemsha. Ndiyo maana harufu peke yake haitoshi kukuhakikishia. Siku hizi nachukua ndoo yenye barafu nikienda sokoni, na jodari wa alasiri aliyelala juani simgusi hata akipunguzwa bei nusu. Na ukionja samaki ukahisi ulimi unawasha kama pilipili hali hukutia pilipili, mteme.

Tuje jikoni. Vipimo vyangu ni vya watu watano au sita: changu watatu wa nusu kilo nusu kilo, au kilo moja na robo ya vipande vya kolekole. Asali vijiko vikubwa 3. Ukwaju uliorowekwa kwenye maji ya moto kidogo na kukamuliwa ukawa mzito, vijiko vikubwa 3 pia. Tangawizi kama kidole gumba, vitunguu thomu punje 5, pilipili manga nusu kijiko cha chai, chumvi, mafuta vijiko 2. Pilipili mbuzi moja nzima, usiipasue. Na karafuu 2. Mbili tu! Nyumba imejaa karafuu na mkono unashawishika, lakini karafuu ina mafuta makali yanayotia ganzi ulimi. Ukitia 6 utasikia karafuu na ganzi, samaki humsikii tena. Zitwange ziwe unga kabisa.

Samaki huyu anaokwa juu ya boga, na boga ndilo linaloingia motoni kwanza. Likate vipande vya unene wa kidole, lipake mafuta na chumvi, litandaze kwenye trei na uliingize kwenye oveni ya nyuzi 210 kwa dakika 15 peke yake. Mbatata nazo zinafaa, zikatwe nyembamba. Kazi ya boga si kushibisha tu. Linamuinua samaki asigande kwenye trei, na baadaye linanyonya rojo lote la asali na ukwaju linalodondoka.

Wakati boga liko motoni, mshughulikie samaki. Mkaushe kwa kitambaa safi, ndani na nje, mpaka kitambaa kisirowe tena. Hili watu wengi hawalitilii maanani. Samaki mwenye maji hatoki na rangi, anachemka tu kwa mvuke wake mwenyewe. Mchanje mistari mitatu kila ubavu, ifike karibu na mwiba. Msugue chumvi, pilipili manga, nusu ya thomu na nusu ya tangawizi, uingize na ndani ya michanjo. Ukitaka kumkamulia ndimu, mkamulie dakika 10 kabla ya kupika, si zaidi. Nilizoea kumlaza kwenye ndimu saa nzima nikidhani ndiyo usafi, kumbe ndimu inamuivisha kabla ya moto; nyama inageuka nyeupe na ikiingia kwenye oveni inakuwa kavu na ya kukatika-katika.

Mlaze juu ya boga, mnyunyizie mafuta, mrudishe motoni. Kipimo changu cha muda ni unene: kwa kila unene wa sentimita 2 na nusu, pahali palipo panene kabisa, ni dakika 10 hivi, na mzima mwenye mwiba namuongezea kidogo. Changu wa nusu kilo kwangu huchukua dakika 18 mpaka 20 kwa jumla. Sasa dakika ya 11 au 12 namtoa, ndipo namtia rojo.

Rojo lenyewe unalipika huku samaki yuko ndani. Kisufuria kidogo, asali, ukwaju, thomu na tangawizi iliyobaki, unga wa karafuu, ile pilipili mbuzi nzima na chumvi kidogo. Moto mdogo. Litachemka, litatoa mapovu madogo madogo, kisha mapovu yatakuwa makubwa na yenye uvivu. Chovya kijiko, kigeuze mgongo, pitisha kidole katikati. Njia ikibaki wazi bila kujiziba, toa motoni. Ni dakika 4 tu, na usiondoke hapo ulipo. Likizidi, linakuwa kama kashata likipoa.

Mpake samaki kwa kijiko au brashi, mrudishe dakika 4, mtoe, mpake tena, mrudishe dakika 3 au 4. Mara mbili nyembamba ni bora kuliko mara moja nene. Ngozi itang'aa rangi ya halwa ya Wete, na kwenye kingo za michanjo utaona vidoa vya kahawia iliyokolea. Hapo mtoe. Chomeka kisu kwenye mwiba: nyama ikiachia yenyewe na haina uangavu kama wa kioo, ameiva.

Nyumba yenye mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, mtolee kipande chake kabla hujapaka rojo. Asali haifai kwa watoto wachanga hata ikipikwa, kwa sababu ina mbegu za vijidudu zinazostahimili moto wa jikoni, na tumbo la mtoto mdogo haliwezi kuzikabili.

Na asali iwe asali. Tunauziwa kwenye chupa za maji, na niliwahi kuuziwa maji ya sukari yaliyochemshwa. Samaki hakuharibika, aliliwa, ila hakuwa na lolote zaidi ya utamu. Asali ya kweli ina harufu ya maua na ukali wake kwa mbali. Nunua kwa mrina asali unayemjua, au ambaye jirani yako anamjua. Ukikosa, sukari guru iliyokunwa na kuyeyushwa na maji kidogo inafanya kazi nzuri kuliko asali ya uongo, tena ina ladha ya moshi wa miwa ambayo mimi binafsi naipenda.

Ama ukwaju, usiuache. Mavyaa yangu hakukosea kushangaa. Utamu mtupu juu ya samaki unachosha baada ya matonge matatu. Lakini nilipompelekea samaki wa mara ya pili, nilimkumbusha achari yake mwenyewe ya embe, ile anayotia sukari na pilipili na kuila na samaki wa kukaanga. Alimega ubavuni, akatafuna, akanyamaza. Kisha akavuta bakuli la rojo karibu na sahani yake. Siku hizi yeye ndiye anayenipigia simu kuniuliza kama vibua wamepatikana.

Umeme ukikatika, msikate tamaa. Tangu mwaka 2010 tunapata umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, lakini mvua na radi zina mambo yake. Fanya kama tunavyofanya kwa mkate wa kumimina: sufuria pana na nzito, boga chini, samaki juu, mfuniko wa bati, na upalie moto juu. Makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko, kama moja kwa tatu. Mfuniko uufunue kwa uangalifu, majivu yasimwangukie samaki. Rojo ni hivyohivyo, mwisho. Ukweli ni kwamba nikiwa na wasaa napalia makaa hata umeme ukiwepo, kwa sababu makaa ya juu yanampa ngozi ukavu ambao oveni yangu haiwezi.

Tunamla kwa wali mweupe, si wa nazi. Nazi, asali na boga kwa pamoja ni vizito. Kachumbari iwe na ndimu nyingi. Mkate wa mofa ukiwa wa moto, hata wali hauhitajiki.

Akibaki, usimfunike akiwa moto, ngozi italegea yote. Mwache apoe, mweke kwenye friji usiku uleule. Asubuhi mchambue, mtoe miba, mchanganye na kitunguu maji kibichi na lile boga lililolowana rojo, umtie katikati ya chapati. Wanangu wananyang'anyana kiporo hicho, kwa hiyo siku za vuli nanunua changu mmoja wa ziada.