Jibu: Kwa nini wagombanie mji wakati kompyuta zinaweza kucheza chesi mtandaoni?

Mkuu wa Kigoma, umeuliza kwa nini watu wavutane kuhusu mji na tarehe ya mashindano ya programu za chesi wakati programu hazipandi ndege. Waendeshaji wake walipanda! Kwenye ubingwa wa dunia wa chesi ya kompyuta, ulioanzia Stockholm mwaka 1974 na kufikia tamati 2024, mwendeshaji alikaa mbele ya ubao: alisoma hatua kwenye skrini, akasogeza kete, akabonyeza saa, kisha akaichapa hatua ya mpinzani kwenye kompyuta. Mashindano yalipoenda Beijing (2008) au Kanazawa (2010), mtu wa Ulaya aliyeunda programu yake usiku baada ya kazi alijilipia nauli na kuomba likizo. Yalipobaki Ulaya, aliumia wa Asia.

TCEC, mashindano mengine ya programu za chesi yaliyoanza 2010, inachezwa mtandaoni kwenye mashine za mwandaaji. Nauli hakuna, ila huleti kompyuta yako, na wenzako huwaoni. Mimi bado napenda ya ana kwa ana.

Wazo lako la kukutanisha programu za vijana wetu naliunga mkono kabisa. Iwe Tabora, maana treni za Kigoma, Mwanza na Mpanda zote zinapita hapa. Na iwe Julai, kabla ya mvua.