Waliokufa Chanzu hawakuwa Wapakistani peke yao

Ndugu, umeuliza kama helikopta ya MONUSCO (walinda amani wa Umoja wa Mataifa hapa Kongo) iliyoanguka Rutshuru, Kivu Kaskazini, ilikuwa na Wapakistani tu. Hapana. Helikopta ile, aina ya Puma, ilianguka Chanzu tarehe 29 Machi 2022 ikiwa na watu 8: Wapakistani 6, Mrusi 1 na Mserbia 1. Hakuna aliyepona. Walikuwa wanapeleleza juu ya vilima ambako jeshi letu la Kongo, FARDC, na waasi wa M23 walikuwa wanapigana. FARDC ilisema M23 ndio walioitungua, M23 wakakana na kuwarudishia lawama wanajeshi.

Usiichanganye na ile ya Februari 2023. Hiyo ilikuwa helikopta aina ya Oryx ya Waafrika Kusini wa MONUSCO, ikapigwa risasi ikitoka Beni kuja huku kwetu Goma. Mmoja akafa humo humo, mwingine akajeruhiwa, na bado wenzao wakaifikisha mpaka uwanja wa ndege wa hapa mjini. Kuongoza chombo huku mwenzako anakata roho nyuma yako, hebu fikiria!

Na wewe uliyeandika hapo juu kwamba “wamevuna walichopanda”, tafadhali futa. Hasira juu ya MONUSCO hata mimi ninazo, lakini marehemu hao wana mama zao.