Mitungule inapukutisha maua: acha CAN, onja maji ya kisima

Ndugu yangu wa Kisauni, umesema mitungule (minyanya) yako ya kwenye ndoo imechanua mara mbili na maua yote yakaanguka, majani yamekoza kijani hadi yanajikunja, nawe kila wiki watia CAN, ile mbolea ya naitrojeni na chokaa, na kila jioni maji ya kisima. Mimi nilifanya hivyo hivyo hapa Likoni, Mombasa, msimu wangu wa kwanza. Ndoo kumi na nne, sikuchuma hata tungule moja.

CAN iache leo. Robo yake nzima ni naitrojeni, na mmea ulioshiba naitrojeni hukazana na majani. Likichomoza ua la kwanza, mimi hutia potasiamu ya salfeti, nusu kijiko cha chai kwa ndoo ya lita 20, niliyoiyeyusha majini, kila wiki mbili. Ile ya kloraidi usiiguse, itazidisha chumvi. Wala majivu usitie ikiwa udongo wako ni wa matumbawe. Una chokaa ya kutosha.

Lakini kilichoniumiza zaidi ni maji. Siku moja nilikwangua udongo wa juu nikakuta ukoko mweupe, nikautia ulimini: chumvi. Kisima chetu ni cha magadi magadi, twafulia tu. Sasa nakinga mvua ya bati kwenye mapipa, na ikikatika nanunua dumu la maji matamu nichanganye nusu kwa nusu. Namwagilia asubuhi, shinani, hadi maji yatoke matundu ya chini, ili chumvi ishuke nayo. Kabla ya hapo natia kidole. Kikitoka na udongo mbichi, naacha. Usikaushe siku tatu kisha ufurikishe: chokaa hufika kwenye tunda kwa njia ya maji, yakikatika tungule huoza kitako.

Lishike ua moja ulitazame kikonyo. Katikati pana kifundo. Kikianza njano, ua hilo limekwisha.

Na joto pia. Wakati wa kaskazi, hasa Januari hadi Machi, usiku wetu hauteremki vya kutosha na chavua hufa. Mimi huatika Aprili, maua yakutane na baridi ya kusi, na asubuhi naitikisa mashina taratibu.

Ukiacha CAN majani yatapauka kidogo. Usishtuke ukarudia mfuko. Je, ndoo zako umezitoboa chini?