Divai ya kusini mwa Ufaransa na vyakula vya Malindi

SWALI: Mimi ni mpishi katika mkahawa wa ufuoni hapa Malindi. Mwenye mkahawa ameagiza divai za vyama vya ushirika vya kusini mwa Ufaransa: nyeupe iitwayo Picpoul de Pinet, nyekundu ya zabibu za Carignan na Syrah, na tamu ya Banyuls. Wageni wanataka kujua kila moja inafaa na chakula gani. Je, ni kweli kwamba samaki hunywewa divai nyeupe pekee? – Mpishi, Malindi

JIBU: Ndugu mpishi, anza na hiyo nyeupe, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu zaidi na jiko lako. Zabibu za Picpoul hulimwa kandokando ya Thau, ziwa la maji ya chumvi lililotengwa na bahari ya Mediterania kwa ukanda mwembamba wa mchanga, na kwa kuwa chaza hufugwa humo humo, wenyeji wamezoea kuviweka viwili hivyo meza moja. Uchachu wake hufanya kazi ya ndimu. Kwa hiyo mpe mgeni divai hii pamoja na kamba wa kuchoma, ngisi wa kukaanga, au kaa wa Mida aliyechemshwa kwa chumvi tu. Hata samaki wa kupaka anafaa, maana uchachu huo hukata mafuta ya tui. Ila upunguze ukwaju, kwani mchuzi ukiwa mchachu kuliko divai, divai hupooza.

Kuhusu samaki na divai nyekundu, tatizo ni ukakasi, ule ule unaousikia ukila bibo ambalo halijaiva vizuri. Ukikutana na samaki wa mafuta mengi, mara nyingi huacha ladha ya chuma mdomoni, na pilipili nayo huwasha maradufu. Nyama yenye mafuta, kinyume chake, huulainisha, na ndiyo maana nyekundu yako ningeiweka kando ya mishikaki au pilau ya mbuzi. Usiitoe ikiwa na joto la chumba, nasisitiza: desturi hiyo ilitoka kwenye nyumba za baridi za Ulaya, na Malindi chumba hufika nyuzi 30. Itie kwenye friji kwa muda wa saa moja au zaidi, hadi ishuke kwenye nyuzi 16 au 17. Ile nyeupe iwe kati ya 8 na 10.

Banyuls hutokana hasa na zabibu za Grenache za kwenye miteremko ya karibu na mpaka wa Hispania. Pombe kali huongezwa kabla uchachukaji haujaisha, hamira ikafa na sukari ikabaki. Inapendeza na chokoleti au korosho za kukaanga. Halua ni tamu kuliko divai yenyewe, hivyo itaifanya ionekane chungu.

Mgeni akiuliza habari za ushirika, mwambie kwamba mwaka 1901 wakulima wadogo wa Maraussan, huko Hérault, walianzisha mojawapo ya vyama vya mwanzo vya divai nchini Ufaransa, kwa kuwa bei ilikuwa imeporomoka na mtu mmoja hakuweza kushindana na wafanyabiashara.

Jambo la mwisho ni la heshima. Ukitia divai ndani ya mchuzi, pombe haiishi yote kwa kuchemka, kwa hiyo mjulishe kila mgeni kabla hajaagiza, na umpikie Mwislamu katika sufuria nyingine.